Marufuku ya bunduki za mtindo wa kijeshi: kinachokatazwa ni bunduki au vikorokoro vyake?

#1 Kibuyu Kitupu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naingia moja kwa moja.

Kila likitokea shambulio Marekani, mjadala unarudi palepale: zipigwe marufuku bunduki za mtindo wa kijeshi. Wanaotaka wanasema mbona ilishawahi kufanyika. Kweli ilifanyika. Mei 1994 muswada ulipita Baraza la Wawakilishi kwa tundu la sindano, kura 216 dhidi ya 214, na Clinton akasaini sheria yenyewe 13 Septemba mwaka huo. Iliandikwa iishi miaka 10 tu. 13 Septemba 2004 ikajifia, na hakuna aliyefanikiwa kuifufua.

Dai langu: sheria ile haikukataza bunduki ya kijeshi hata moja. Ilikataza sura. Anayebisha aje na vifungu na vipuri, hisia aziache nje.

#2 Fundi Springi
Tutenganishe kwanza vitu viwili, maana najua huko mbele mtavichanganya.

Rashasha, ile ukiminya triga na kuishikilia inamimina mpaka magazini iishe, Marekani imebanwa tangu 1934: kuisajili serikali kuu na kulipa kodi ya dola 200, pesa nyingi kwa enzi zile. Tarehe 19 Mei 1986 daftari likafungwa, iliyotengenezwa baada ya hapo raia hauziwi. Sheria ya 1994 haikugusa rashasha.

Iligusa nusu otomatiki. Triga moja, risasi moja. Nguvu ya risasi hiyohiyo inatupa ganda nje, inakoki na kupandisha nyingine chemba. M16 ya jeshi ikimimina inakwenda risasi 700 hadi 950 kwa dakika. AR-15, ndugu yake ya raia, inakwenda kwa kasi ya kidole cha mshikaji.

#3 Kasuku Mweupe
Kumbe! Miaka yote hii watu wanagombania kitu ambacho jeshi lenyewe halikitaki?

#4 Fundi Springi
@Kasuku Mweupe hapo ndipo wengi wanapoteleza. Askari mwenye M16 muda mwingi swichi yake iko kwenye risasi mojamoja. Mafunzo yao yanahesabu kama risasi 45 kwa dakika kwa mtu anayelenga. Ukimimina, magazini ya risasi 30 inaisha kwa sekunde mbili na kidogo, na baada ya risasi ya tatu mtutu unatazama juu. Kwa hiyo "haimimini, basi si ya kijeshi" ni nusu ya hoja. Ukiiweka M16 kwenye risasi mojamoja na AR-15 pembeni, tofauti yake kwa anayelengwa ni ndogo mno.

#5 Wakili wa Porini
Mleta uzi umetaka vifungu, vipokee.

Kwa bunduki ndefu sheria ya 1994 ilikuwa na njia mbili za kukunasa. Ya kwanza ni majina: ilitaja silaha 19 pamoja na nakala zake, zikiwemo Colt AR-15, Uzi ya Kiisraeli na hata bastola TEC-9. Ya pili ni kipimo cha viungo. Bunduki iwe nusu otomatiki, ipokee magazini ya kuchomoa, halafu iwe na angalau viwili kati ya hivi vitano:
- kitako cha kukunja au cha kuvuta
- kishikio cha bastola kinachochomoza chini
- sehemu ya kufunga singe
- kifaa cha kuficha mwako, au mtutu wenye nyuzi za kukifungia
- kirushia guruneti

Kikiwa kimoja, uko salama. Viwili, umeingia. Magazini za zaidi ya risasi 10 nazo zikakatazwa kutengenezwa kwa ajili ya raia.

Na hapa ndipo penye utamu: kilichokuwapo kabla ya 13 Septemba 1994 kiliendelea kuuzwa kihalali, bunduki na magazini.

#6 Mlenga Shabaha
Na watengenezaji walifanya nini? Colt walitoa ileile AR-15 kwa jina la Match Target, wakang'oa sehemu ya singe na kificha mwako, wakaacha kishikio cha bastola. Kiungo kimoja, kipimo kimepita. Waliokuwa wakitengeneza TEC-9 wakatoa AB-10 yenye mtutu usio na nyuzi. Chemba ileile, risasi ileile, kasi ileile. Ni kumnyoa simba sharubu ukadhani umemfuga.

Nakazia dai la #1.

#7 Fundi Springi
Mlenga, taratibu. Hivyo viungo si mapambo matupu.

Chukua kishikio cha bastola. Kwenye AR-15, nyuma ya bodi kuna bomba lenye springi inayorudisha bolti mbele. Bomba hilo limenyooka mstari mmoja na mtutu, na kitako kinavaa juu yake. Mstari huo ulionyooka ndio unaofanya teke liende begani badala ya kuinua mdomo wa bunduki. Lakini kitako kikiwa juu hivyo, mkono hauna pa kushika isipokuwa kwenye kishikio kinachoning'inia chini. Kishikio na mstari ulionyooka ni mpango mmoja, na faida yake ni kurudi kwenye shabaha haraka.

Kitako cha kuvuta ni suala dogo, kinacheza sentimita chache ili kimfae mwenye mkono mfupi na mrefu, au mwenye fulana nene. Cha kukunja ni tofauti, hicho kinafupisha bunduki ikaingia begini. Kificha mwako kazi yake ni kulinda macho ya mpigaji gizani. Anayepigwa bado anauona mwako. Singe na guruneti sina la kuzitetea, waliziweka kujaza karatasi.

#8 Wakili wa Porini
Swadakta kuhusu singe.

#9 Mlenga Shabaha
@Fundi Springi sawa, mstari ulionyooka nimekuelewa. Sasa nieleze Ruger Mini-14. Nusu otomatiki, magazini ya kuchomoa, risasi .223 ileile ya AR-15, lakini ina kitako cha mbao cha kizamani kama cha muwinda sungura. Sheria ya 1994 ilikuwa na kiambatisho cha bunduki zaidi ya 650 zilizosamehewa kwa majina. Mini-14 isiyo na kitako cha kukunja imo humo.

Bunduki hiyohiyo ndiyo iliyotumika Montreal tarehe 6 Desemba 1989, wanawake 14 wakauawa. Ndiyo iliyotumika tena kisiwani Utøya, Norwei, Julai 2011, watu 69. Haikuhitaji mstari ulionyooka.

#10 Bi Hesabu
Mnabishana vipuri, mimi naleta hesabu. Takwimu za FBI za mwaka 2019, mauaji ambayo silaha ilijulikana: bastola 6,368. Bunduki ndefu za kila aina, za kuwindia na za mtindo wa kijeshi kwa pamoja, 364. Shotigani 200. Visu na vyenye makali 1,476. Mikono mitupu na mateke 600.

Ukipiga marufuku AR-15 zote leo na kila muuaji akatii, umegusa sehemu ya hizo 364. Hata robo ya waliouawa kwa visu hazifiki.

#11 Msoma Nyota
Bi Hesabu umeruka mstari mmoja kwenye jedwali lako. Kuna mauaji 3,281 ya bunduki mwaka huohuo ambayo aina ya bunduki haikuandikwa. 364 ni sakafu, si dari.

Halafu anayetetea marufuku hazungumzii mauaji ya kila siku. Anazungumzia tukio moja lenye maiti nyingi. Las Vegas, 1 Oktoba 2017: zaidi ya risasi 1,000 kwa kama dakika 10, waliokufa 60 ukiwajumlisha waliofariki baadaye kwa majeraha. Shule ya Sandy Hook, Desemba 2012: watoto 20 na watu wazima 6 ndani ya dakika chache. Hayo huwezi kuyagawanya kwa idadi ya visu.

#12 Bi Hesabu
Mstari wa 3,281 naujua. Ukiugawa kwa uwiano wa zinazojulikana, nyingi zitaangukia bastola. Uwiano hautageuka kichwa chini.

Na kwenye matukio makubwa usisahau chuo cha Virginia Tech 2007: watu 32, bastola mbili, moja ya milimita 9 na nyingine .22 ndogo kabisa.

#13 Ngoma Nzito
Nawasoma tangu #1, nyote mnazunguka mbuyu. Cha kuangalia ni magazini. Bunduki ni bomba na springi. Anayeamua risasi ngapi zitoke kabla ya mapumziko ni magazini.

Tucson, Januari 2011. Bastola ya kawaida, lakini magazini ya risasi 33. Watu 6 wakafa. Muuaji alikamatwa wakati anabadilisha magazini, raia wakamrukia. Dayton, Agosti 2019: ngoma, yaani magazini ya duara, ya risasi 100. Polisi walikuwa karibu wakamuua mshambuliaji ndani ya kama nusu dakika, na tayari watu 9 walikuwa wameuawa. Nusu dakika! Mpe huyo magazini ya 10, lazima asimame mara kadhaa.

Kikomo cha risasi 10 ndicho kipande pekee cha sheria ya 1994 chenye mantiki ya kifundi.

#14 Mlenga Shabaha
Kubadilisha magazini kwa mtu aliyezoea ni sekunde mbili hadi nne: kidole kinabonyeza kitufe, tupu inaanguka, mpya inapanda, unagonga kiachia bolti. Na shambulio la shule ya Columbine, Aprili 1999, katikati kabisa ya ile marufuku, mmoja wa wauaji alikuwa na Hi-Point ya milimita 9 iliyotengenezwa kutii sheria, magazini za risasi 10. Alibeba nyingi. Kikomo hakikumsimamisha.

Kinachoharibu zaidi kasi ya mpigaji ni bunduki kukwama: ganda halikutoka, au risasi imepanda kimshazari. Na hizo ngoma za 100 zinajulikana kwa kukwama, springi ndefu haisukumi sawasawa mwanzo na mwisho.

#15 Ngoma Nzito
Sekunde nne za nani, mtu mtulivu uwanjani au mtu mwenye mikono inayotetemeka? Tucson umeiruka kama hujaiona.

#16 Kasuku Mweupe
Hapa ningekuwa na karanga.

#17 Wakili wa Porini
Ngoma Nzito ana hoja, ila kwenye utekelezaji palivuja. Magazini za kabla ya Septemba 1994 zilikuwa mamilioni nchini, na kuingiza nyingine za zamani kutoka nje kuliruhusiwa. Mpya za polisi na jeshi zilipigwa chapa, zile zisizo na chapa zikahesabika za zamani. Magazini ni boksi la bati na springi, ukiitunza inakaa miaka mingi.

Ndiyo maana Christopher Koper, aliyeifanyia tathmini kwa ajili ya Wizara ya Sheria, mwaka 2004 aliandika kwamba bado mapema kuona athari, na kwamba zikija huenda zikawa ndogo, pengine zisipimike kwa uhakika. Kila upande unamnukuu nusu: mmoja unasema "haikufanya kitu", mwingine unasema "haikupewa muda". Aliandika yote mawili.

#18 Daktari wa Mawe
Mmesahau risasi yenyewe. Kichwa cha 5.56, risasi ya M16 na AR-15, kina uzito wa gramu 3.6 hivi, kinatoka mtutuni zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Nishati kama jouli 1,700. Cha bastola ya milimita 9 ni gramu 7 au 8, mita 350 hivi, jouli karibu 500.

Cha bastola kinatoboa tundu la ukubwa wake. Cha 5.56 kwa kasi ile kinapinduka ndani ya nyama, mara nyingi kinapasuka vipande, na mtikisiko wake unachana kiungo ambacho hakikuguswa. Ini au wengu likipata mtikisiko ule halishoneki. Ndiyo maana madaktari wa majeruhi wanaingia kwenye mjadala huu kwa sauti kubwa.

#19 Mlenga Shabaha
Daktari, kwa kipimo hicho basi anza na bunduki za wawindaji. .308 ina jouli karibu 3,500, .30-06 inazidi hapo. Colorado na Virginia .223 hairuhusiwi kuwindia kulungu kwa sababu ni ndogo. Virginia wanataka kipenyo kisipungue .23, Colorado .24. Risasi mnayoiogopa, wawindaji wanaiona haifai mnyama mkubwa.

#20 Fundi Springi
Udogo wake ndio sababu jeshi liliichukua! Risasi ya 5.56 ina uzito wa gramu 12 hivi, ya .308 gramu 24 na ushee. Kwa mzigo uleule unabeba mara mbili. Teke ni dogo, shabaha haitoki machoni. Nguvu inayomtosha binadamu, idadi mara mbili, kurudi kwenye shabaha upesi: jumlisha hayo matatu ndiyo upate bunduki ya kijeshi ya zama hizi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye orodha ya viungo vitano.

#21 Kibuyu Kitupu (mleta uzi)
Asanteni, uzi umechangamka. @Fundi Springi, basi ungeandika wewe sheria ungepima nini?

#22 Fundi Springi
Ningepima utaratibu wa kupakia. Inajikoki yenyewe au unakoki kwa mkono. Australia walikwenda njia hiyo na wakaachana kabisa na biashara ya singe.

Mauaji ya Port Arthur, 28 Aprili 1996, watu 35. Siku 12 baadaye, 10 Mei, makubaliano ya kitaifa yalikuwa mezani. Wakagawa madaraja: D ni nusu otomatiki zenye risasi zinazogongwa katikati ya kitako (kubwa kuliko .22 ya kawaida), raia wa kawaida hagusi. C ni .22 nusu otomatiki za mpaka risasi 10 na shotigani za kuvuta mbele-nyuma za mpaka risasi 5, hizo mkulima mwenye sababu anaweza kupata. Za kukoki kwa mkono ziko A na B. Juu yake kusubiri siku 28 na kuonyesha sababu halisi ya kuihitaji. Kujilinda hakuhesabiki kuwa sababu.

#23 Wakili wa Porini
Ongezea kilichofanya ifanikiwe: walinunua. Katiba ya Australia, kifungu cha 51(xxxi), hairuhusu serikali kuu kuchukua mali bila fidia ya haki. Wakapandisha tozo ya afya kwa asilimia 0.2 kwa mwaka mmoja, wakakusanya bunduki kama 650,000 na kuziponda. Na kwa kuwa silaha kule ni mamlaka ya majimbo, serikali kuu ilitumia forodha kuzuia zisiingie, majimbo yakatunga sheria zao zinazofanana.

Waziri mkuu John Howard alikwenda kuhutubia wamiliki wa bunduki pale Sale, Victoria, akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti. Picha zilionyesha wazi, wakamcheka.

#24 Bi Hesabu
Na matokeo ya Australia nayo yana mjadala wake msiufunike. Vifo vya bunduki vilikuwa vinashuka hata kabla ya 1996. Baada ya hapo vilishuka kwa kasi zaidi, hasa vya kujiua. Wengine wanasema ni marufuku, wengine wanasema mteremko ulikuwepo. Mashambulio ya watu watano na kuendelea yalikuwa 13 katika miaka 18 ya kabla, halafu kimya kirefu mpaka Osmington 2018, familia moja, watu 7. Kimya hicho kinavutia. Ila matukio adimu hayatoi takwimu imara, hilo linajulikana.

#25 Mlenga Shabaha
Na hata kipimo cha utaratibu kina mianya. Baada ya 1996 ikaja Adler A110, shotigani ya kukoki kwa wenzo, risasi 7. Haijikoki, kwa hiyo daraja la chini. Ubishi wa 2015 na 2016 ukaishia kwa kuigawa kwa idadi: risasi 5 na chini daraja B, zaidi ya hapo D. Mmerudi kwenye kuhesabu risasi!

Uingereza vilevile. Baada ya mauaji ya Hungerford, Agosti 1987, watu 16, sheria ya 1988 ikafuta bunduki ndefu (si shotigani) za nusu otomatiki zote isipokuwa .22. Wataalamu wakabuni bunduki ambayo ukipiga, bolti inarudi nyuma na kukaa huko. Ukiminya triga mara ya pili, au wenzo kwa kidole gumba, inafunga. Kisheria haijikoki yenyewe. Kwa mkono uliozoea inakwenda karibu sawa. Ikabidi sheria nyingine, ya 2019, kuziondoa nazo.

#26 Ngoma Nzito
Mwanya umechukua miaka thelathini na moja kuzibwa na bado unauita ushindi?

#27 Msoma Nyota
Kwa wanaodharau magazini, someni Nyuzilandi. Baada ya mauaji ya Aramoana, 1990, waliweka daraja la nusu otomatiki za mtindo wa kijeshi lenye kibali kigumu. Lakini bunduki ileile ikiwa na magazini ya risasi 7 au chini ilibaki daraja A, kibali cha kawaida. Na magazini kubwa ilinunuliwa bila kibali chochote. Kwa hiyo unanunua bunduki ya daraja A kihalali, magazini ya 30 kihalali, na siku ukivipachika pamoja ndipo unakuwa umevunja sheria, nyumbani kwako, bila mtu kuona. Muuaji wa Christchurch wa 15 Machi 2019, watu 51, alipita humohumo.

Bunge lao lilipitisha marufuku 10 Aprili, kura 119 dhidi ya 1. Safari hii wakashika bunduki, magazini na vipuri kwa pamoja.

#28 Wakili wa Porini
@Msoma Nyota na malipo yao yalikuwa na ngazi, hilo ni la kuiga kwa anayetaka. Bei ya msingi ya kila aina ilichapishwa, halafu: hali mpya asilimia 95, iliyotumika 70, mbovu 25. Magazini na vipuri navyo vililipwa. Kuanzia Julai hadi 20 Desemba 2019 zilikusanywa kama 56,000. Tatizo ni kwamba hawakuwa na daftari la bunduki moja moja, kwa hiyo hakuna aliyejua 56,000 ni nyingi au chache. Daftari limeanza Juni 2023, miaka minne baada ya kununua.

#29 Kibuyu Kitupu (mleta uzi)
Na Marekani wakitaka kununua?

#30 Bi Hesabu
Chama cha biashara ya silaha kilikadiria mwaka 2022 kwamba AR na ndugu zake ni zaidi ya milioni 24. Zidisha kwa bei ya dola mia kadhaa, halafu uwaambie Seneti wapige kura. Illinois, sheria ya Januari 2023, hawakununua. Waliokuwa nazo walitakiwa kuziorodhesha kwa polisi wa jimbo mpaka 1 Januari 2024, na wengi hawakujitokeza.

#31 Wakili wa Porini
Kuna ukuta mwingine kabla ya pesa. Uamuzi wa Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Heller, 2008, ulisema katiba inalinda silaha zinazotumiwa na watu wengi kwa mambo halali, na hapohapo ukaeleza kwamba M-16 na mfano wake zinaweza kukatazwa. AR-15 iko wapi hapo? Anayetaka marufuku anashika "mfano wake". Anayepinga anashika "watu wengi" na kuonyesha hizo milioni 24.

Mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Nne, kwenye kesi ya Maryland, Agosti 2024, ilishika la kwanza ikaiacha marufuku isimame. 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza, na jaji Kavanaugh akaandika kwamba wataligusa suala hili ndani ya kikao kimoja au viwili vijavyo.

Kwenye kigezo cha wingi kuna kichekesho: silaha ikipigwa marufuku mapema haipati kuwa ya watu wengi, ikichelewa inalindwa kwa wingi wake.

#32 Kasuku Mweupe
Kwa hiyo ile rashasha ya #2 ilikosa bahati ya kuzaliwa kwa kuchelewa.

#33 Mlenga Shabaha
😂 Ndiyo hivyo.

Kalifonia nao wasisahaulike. Huko kiungo kimoja tu kinakunasa. Kanuni yao inapima kishikio hivi: je, ule utando kati ya kidole gumba na cha shahada unaweza kukaa chini ya ncha ya juu ya triga inayoonekana wakati wa kupiga? Kama ndiyo, ni kishikio cha bastola. Watengenezaji wakaweka pezi nyuma ya kishikio, gumba haliwezi kuzunguka, mkono unabaki juu. Imepita.

Kabla yake kulikuwa na kitufe cha magazini kilichozama, hakibonyezeki kwa kidole bila kifaa, na ncha ya risasi ilikubalika kuwa kifaa. Magazini ikahesabika imefungwa kudumu! Waliziba hilo kwa sheria ya 2016.

#34 Fundi Springi
Pezi lile linaharibu kweli udhibiti, tofauti na unavyodhani. Gumba likikaa upande mmoja na vidole vingine, mkono unavuta bunduki kwa nguvu ndogo zaidi. Sheria imepata ilichotaka kwa njia ya ajabu.

#35 Daktari wa Mawe
Kanada je? Naona wao wanaandika majina tu.

#36 Ngoma Nzito
Kanada 1 Mei 2020 walitaja aina kama 1,500 kwa mpigo, baada ya mauaji ya Nova Scotia ya watu 22. Pamoja na majina wakaweka vipimo viwili: kipenyo cha milimita 20 na zaidi, au nishati inayozidi jouli 10,000. Tangu hapo orodha inaongezwa, Desemba 2024 zikaingia nyingine 324. Lakini SKS, ambayo imejaa kule na ni nusu otomatiki ya jeshi la Kisovieti kabisa, haikutajwa, kwa sehemu kwa sababu watu wa asili wanaitumia kuwindia. Muda wa msamaha wa kusalimisha nao umesogezwa mara kadhaa.

Ila kwenye magazini waliwatangulia wengi. Tangu miaka ya 1990 nusu otomatiki ndefu za risasi za kugongwa katikati ni risasi 5. Magazini ya 30 inapigwa ribiti ubavuni, kisahani cha kusukumia risasi kinagota hapo.

#37 Mlenga Shabaha
Ngoma, malizia: kikomo kilifuata magazini imeundwa kwa ajili ya silaha gani, si imepachikwa kwenye ipi. Magazini za LAR-15, ambayo ni bastola, ziliruhusiwa risasi 10, na zinaingia AR-15 bila kusugua. Kwa miaka mingi ilikuwa halali.

#38 Msoma Nyota
Swali la pembeni kwa Fundi. AR-15 inafunguka vipande viwili. Sheria ikisema "bunduki" inamaanisha kipande kipi?

#39 Fundi Springi
Marekani ni bodi ya chini, ile yenye triga na tundu la magazini. Namba iko hapo. Bodi ya juu, mtutu, bolti, kitako, vyote vinanunuliwa kama vipuri. Nchi nyingi za Ulaya zinabana vipande vinavyobeba mgandamizo, yaani mtutu na bolti, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu kutengeneza. Bodi ya chini ya AR haibebi mgandamizo wowote wa maana, hata ya plastiki inavumilia.

Na kanuni ya zamani ya Marekani ilitaka kipande kimoja chenye nyundo, bolti, na nyuzi za mtutu. AR haina kipande kama hicho: nyundo iko chini, bolti na mtutu viko juu. Baadhi ya washtakiwa waliponea hapo, waendesha mashtaka wakafuta kesi. Kanuni ya 2022 iliandika upya ikashika pia vifurushi vya kumalizia mwenyewe, na Mahakama ya Juu 26 Machi 2025 ikaiacha isimame, majaji 7 kwa 2.

#40 Mlenga Shabaha
Hiyo ya 2025 iliamua kwamba kanuni kwa ujumla wake haikiuki sheria ya silaha ya 1968. Haikusema kila kifurushi ni bunduki. Kipande ambacho bado kinahitaji kuchongwa sana kinaweza kubaki nje, itategemea muda na zana zinazohitajika kukimaliza.

#41 Wakili wa Porini
Sahihi. Na suala la bodi isiyokamilika ya AR, tofauti na vifurushi vya bastola, halikuamuliwa moja kwa moja. Tarajieni kesi.